Nani Alihesabu?



Kama umewahi kutuma kifurushi kwa basi, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Arusha kwenda Mwanza au Nairobi kwenda Kisumu, huenda risiti yake bado unayo, imekunjwa kwenye pochi au imechomekwa nyuma ya simu. Itoe, uisome sehemu ya chini penye herufi ndogo. Risiti nyingi za namna hii zina onyo lisemalo, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, kwamba kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu wa mzigo.

Hebu tulitazame onyo hilo. Kampuni ina kazi moja tu, kupokea mzigo hapa na kuukabidhi kule, na jambo inalomwandikia mteja ni kwamba kazi hiyo ikiharibika kampuni isiulizwe. Karani aliyekukatia risiti hakulitunga onyo hilo, na sina ugomvi naye. Lakini humo ofisini mwake onyo limeshafundisha kila mtu kwamba hasara ni ya mwenye mzigo. Na mtu ambaye hasara si yake, ya nini ajisumbue kuchunguza imetokeaje?

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya ubora katika kampuni za usafirishaji na lojistiki, kuanzia wenye malori ya masafa marefu, wenye maghala na mawakala wa forodha, hadi hawa wa vifurushi. Hoja yangu ni hii: ubora wa msafirishaji hupimwa mahali pawili. Pa kwanza ni pale mzigo unapobadilisha mikono. Pa pili ni pale aliyekosea anapotakiwa kusema kwamba amekosea. Hapo pawili pakiwa sawa, mengine yanarekebishika. Pakiwa pabovu, hakuna cheti cha ukutani kitakachoiokoa kampuni.

Tuanze na kile anachonunua mteja. Muuza sabuni anauza kitu unachoweza kukishika, kukinusa na kukirudisha dukani kikikuchefua. Msafirishaji anauza ahadi, nayo ina vipande vinne: mzigo ufike siku tuliyokubaliana, ufike wote, ufike mzima, na karatasi zake ziwe sahihi. Kimoja kikikosekana mteja ana malalamiko. Saruji iliyofika kwa wakati ikiwa imelowa haijengi, na kontena lililofika zima bila hati sahihi linalala mpakani huku gharama za kila siku zikihesabiwa.

Sasa sikiliza hesabu ndogo. Tuseme kampuni inafaulu mara 95 kati ya 100 katika kila kipande. Ukiitazama kwenye ripoti ya mwaka utaona 95, 95, 95 na 95, na bodi itapiga makofi. Lakini mteja anataka vyote vinne kwa pamoja. Kama makosa hayo yanatokea kila moja kivyake, unazidisha: vipande viwili vya kwanza vinakuacha na 90 na ushei, cha tatu kinakushusha hadi karibu 86, na cha nne hadi 81. Kampuni iliyojipa alama 95 imewaudhi wateja 19 kati ya 100. Wenye taaluma hii huita kipimo hicho oda kamilifu, na meneja anayekitumia huwa hana haraka ya kujisifu.

Katika vipande hivyo vinne, cha muda ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Wengi hudhani msafirishaji bora ni yule mwenye kasi. Muulize mwenye duka la vipuri au mwenye kiwanda kidogo cha unga, atakwambia mengine. Lori linalotumia siku 5 kila safari ni rafiki yake, kwa sababu anajua lini aagize. Lori linalotumia siku 3 leo na siku 9 wiki ijayo linamlazimisha ajaze stoo bidhaa za ziada kwa kuhofia, na fedha zake zinalala humo. Msafirishaji huyo akijitetea kwamba kwa wastani anatumia siku 6, wastani haumsaidii mtu ambaye rafu zake ni tupu siku ya tisa.

Basi tuifuate safari yenyewe. Chukua kontena la vipuri linaloshuka melini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Mwenye meli analikabidhi kwa bandari, bandari kwa wakala wa forodha, wakala kwa dereva. Dereva anapita mizani, Vigwaza, halafu Mikese, na nyingine mbele ya safari, anatembea kilomita zaidi ya 900 hadi Tunduma, anavuka kuingia Nakonde, anaikata Zambia hadi Kasumbalesa, ndipo aingie Kongo. Kila kituo kuna anayekagua, anayegonga muhuri, wakati mwingine anayefungua. Likipelekwa kwa reli mambo hayabadiliki sana. Njia ya zamani ya reli ya kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, milimita 1,067, kwa hiyo mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine unahamishwa pale Kidatu, behewa kwa behewa. Hata nchi mbili zikiwa na mapatano mazuri namna gani, pale Kidatu bado panahitajika mtu wa kuhesabu.

Kuna kampuni zinazofanya makabidhiano haya vizuri, na inafaa tuzitazame kazini. Kabla ya kupakia, kontena tupu hukaguliwa sehemu saba: chini na nje, milango, ukuta wa kulia, wa kushoto, wa mbele, dari na sakafu. Kisha hufuata jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Mtu mmoja anaingia ndani, wenzake wanamfungia milango. Anasimama gizani kidogo macho yazoee, anaangalia juu na pembeni. Akiona kitone cha mwanga, hapo pana tundu, na mahali pa kupita mwanga maji ya mvua nayo hupita. Anagonga ukuta, anafunguliwa, kontena linakataliwa. Dakika chache tu, na sukari ya mtu imepona.

Baada ya kupakia hufungwa lakiri, ile ambayo madereva wanaiita sili, na namba yake huandikwa kwenye hati. Dereva makini haanzi safari kabla hajaisoma namba hiyo kwa macho yake na kuilinganisha na karatasi. Akifika mpakani anaisoma tena. Lakiri ikikutwa na namba nyingine njiani, swali linakuwa fupi: ilibadilika kati ya kituo gani na kituo gani? Penye rekodi ya kila kituo, jibu liko kwenye karatasi. Pasipo na rekodi, watu watano wanaanza kutupiana mpira.

Upakiaji nao una ubora wake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na ekseli moja yenye matairi manne ina ukomo wa tani 10. Lori linaweza kuwa na uzito halali kwa ujumla na bado likakamatwa, kwa sababu wapakiaji wamerundika mzigo nyuma na ekseli mojawapo imeelemewa. Hapo dereva anatakiwa kupanga upya mzigo kando ya barabara, au kulipia. Akipanga upya, turubai linafunguliwa, katoni zinashuka vumbini, na mikono ambayo haimo kwenye orodha yoyote inaushika mzigo. Kosa lilifanyika yadi, lakini ripoti itasomeka kwamba lori lilicheleweshwa mizani.

Sasa tufike mwisho wa safari, mahali ninapoona ndipo penye udhaifu wetu mkubwa. Ni saa kumi na moja jioni. Lori limerudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala. Dereva anataka kugeuza kabla ya giza, karani wa ghala anataka kufunga, na wapakiaji wanalipwa kwa mzigo mzima, hivyo wanakimbia. Karatasi ya makabidhiano ina mstari uliochapwa tayari: mzigo umepokelewa ukiwa kamili na salama. Karani anasaini. Anasaini wakati katoni ya kwanza haijashuka! Baada ya siku mbili mwenye mali anahesabu na kukuta, tuseme, katoni 718 badala ya 720, na tatu kati ya hizo zimebonyea pembe. Dereva anaonyesha saini. Karani anasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Bima wakija watauliza swali moja tu: nani alihesabu?

Hakuna aliyehesabu. Saini ipo, hesabu haipo.

Tiba yake si ghali. Mmoja wa upande wa dereva na mmoja wa upande wa ghala wanasimama pamoja mlangoni, kila mmoja na karatasi yake, wanachora vijiti vinne na kuvikata kwa cha tano, na kila paleti ikimalizika wanalinganisha. Katoni yenye kasoro inawekwa kando, inapigwa picha kwa simu, na kasoro inaandikwa kwenye hati ile ile, juu ya saini. Mstari uliochapwa wa "kamili na salama" unafutwa kabisa, badala yake panabaki nafasi tupu ya kujaza. Fomu yenye jibu tayari humzoesha mtu kuongopa bila kujijua.

Wako watakaosema hayo ni ya nchi zilizoendelea. Nawapeleka kwenye zahanati ya karibu. Chanjo za watoto zinasafiri kutoka bohari kuu hadi mkoa, wilaya na kituo cha afya, na nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 njia nzima. Juu ya vichupa vingi kuna kibandiko kidogo, duara la zambarau lenye mraba mweupe ndani yake. Kilianza kutumika mwaka 1996 kwenye matone ya polio. Kadiri kichupa kinavyopata joto, mraba unazidi kuwa mweusi, na haurudi nyuma hata ukikipoza tena. Mraba ukifikia rangi ya duara, chanjo haitumiki. Muuguzi wa kijijini hahitaji kumpigia mtu simu kuuliza lori liliharibikia wapi, maana kichupa chenyewe kimeweka kumbukumbu.

Na wasanifu wa mfumo ule hawakuishia kwenye joto. Chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini B huharibika zikiganda, na kibandiko hakionyeshi kuganda. Kwa hiyo muuguzi anayepanga kibebeo cha chanjo hufundishwa asitumbukize barafu ikitoka moja kwa moja kwenye friza. Anaziacha pakiti za barafu mezani, kila baada ya muda anainua moja na kuitikisa sikioni. Akisikia maji yakicheza ndani, ndipo anapozipanga. Hapo kuna elimu kubwa ya ubora: aliyeutunga utaratibu alijua kosa litatokea wapi, akampa mtu wa mwisho njia ya kulizuia kwa masikio yake tu.

Lakini hata humo mambo yanaharibika, na yanavyoharibika yanatufunza. Kwenye majokofu ya dawa na ya vyakula huwa kuna karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Ukikuta karatasi ya mwezi mzima imejaa namba 4, asubuhi 4, jioni 4, mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna siku hata moja iliyopanda wala kushuka, jua kwamba hiyo imejazwa siku moja, pengine asubuhi ya ukaguzi. Jokofu la kweli hupanda na kushuka. Umeme hukatika, mlango huachwa wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nadhani daftari la uongo ni baya zaidi, kwa kuwa mali inapotea huku habari njema zikiendelea kuletwa.

Kwa nini mtu aandike uongo kwenye karatasi ambayo hata haimhusu kimshahara? Mara nyingi ni kwa sababu ameona yaliyompata aliyeandika ukweli.

Hapa inafaa tumkumbuke Mmarekani mmoja, Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mambo ya simu. Mwaka 1924 alibuni mchoro wa kufuatilia kasoro kiwandani, na wazo lililo nyuma ya mchoro ule linafaa kwa malori kama lilivyofaa kwa simu. Alisema kasoro ziko za aina mbili. Kuna zinazotoka ndani ya mfumo wenyewe, zinazojirudia hata ukibadilisha watu. Na kuna zinazoletwa na tukio maalumu. Meneja akizichanganya anafanya madhara.

Mfano wa kwanza: daraja limechukuliwa na mafuriko, lori limechelewa siku mbili. Meneja anatoa waraka kwamba kuanzia leo madereva wote waondoke usiku. Amelifanya tukio la mara moja kuwa kanuni ya mwaka mzima, na usingizi ukianza kuwaangusha madereva atashangaa. Mfano wa pili: kila Ijumaa malori yanafika Morogoro yamechelewa, dereva awe huyu au yule. Meneja anamwita dereva wa Ijumaa iliyopita anamkaripia. Kumbe siku za Ijumaa ghala linaanza kupakia alasiri, kwa kuwa hati za forodha zinatoka mchana. Dereva huyo angekuwa malaika angechelewa vilevile. Mwenye uwezo wa kurekebisha ni meneja, lakini aliyekaripiwa ni dereva.

Mwanafunzi mashuhuri wa fikra hizo, W. Edwards Deming, alialikwa Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda, na Wajapani wakaanzisha tuzo kwa jina lake mwaka uliofuata. Baadaye alizikusanya kanuni 14 za uongozi. Ya nane ni kuondoa woga kazini. Hakuiweka kwa ajili ya upole. Alijua kwamba taarifa za kosa ziko kwa mtu wa chini, na mtu huyo akiogopa, ofisi inaongozwa na kipofu.

Sasa tazama desturi yetu. Katoni ikipungua, kampuni nyingi hukimbilia kukata posho ya dereva na utingo. Haziulizi ilipotelea wapi. Zinagawanya hasara kwa waliokuwa garini. Kwa Tanzania, jambo hilo lina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri anayetaka kukata mshahara kwa ajili ya hasara athibitishe kosa ni la mfanyakazi, amweleze kwa maandishi sababu na hesabu yake, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira. Lakini acha sheria kando kidogo, tazama faida na hasara. Dereva aliyekatwa posho kwa kusema ukweli kwamba chupa tatu zimevunjika kwenye tuta, safari ijayo atazipanga zilizovunjika katikati ya paleti, zigundulike kwa mteja. Kampuni imeokoa bei ya chupa tatu na imempoteza mtu pekee aliyekuwa akijua tuta hilo liko wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo cha kampuni huanza na mteja aliyechoka kugundua mambo mwenyewe.

Simaanishi mwizi aachwe. Anayeuza mafuta ya gari njiani ni kazi ya polisi. Nasema wizi na kosa la kazi ni vitu viwili, na kampuni inayoviadhibu sawasawa itaishia kutoviona vyote viwili.

Namna ya kuchunguza kosa inajulikana. Kiwandani Toyota, chini ya Taiichi Ohno, walizoea kuuliza "kwa nini?" mara tano. Tujaribu hapa kwetu. Saruji imelowa. Kwa nini? Turubai limepasuka. Kwa nini? Limesuguliwa na ncha ya chuma kwenye kona ya tela. Kwa nini halikubadilishwa? Utingo aliandika kwenye fomu mara mbili, hakujibiwa. Kwa nini? Fomu zinawekwa kwenye faili, hakuna aliyepewa kazi ya kuzisoma. Kwa nini? Kwa sababu fomu zilianzishwa kwa ajili ya mkaguzi wa cheti. Tulianza na mfuko wa saruji, tumefika mezani kwa mkurugenzi. Aliyeishia kwenye swali la kwanza angenunua turubai jipya na kulipasua kwenye kona ile ile.

Nimetaja cheti, basi niseme neno juu yake. Kiwango kinachotajwa sana ni ISO 9001. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na shirika la viwango la kimataifa lenye makao Geneva, na kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo yale ya toleo la 2015. Shirika hilo lenyewe halitoi cheti kwa kampuni yoyote. Vyeti hutolewa na taasisi nyingine za ukaguzi, kwa kawaida kwa miaka mitatu, na wakaguzi hurudi kila mwaka. Kwa hiyo ukiona tangazo la cheti, uliza kimetolewa na nani, kinahusu ofisi ipi na kazi ipi. Cheti cha makao makuu hakisemi lolote juu ya ghala la Tunduma kama ghala hilo halimo ndani yake.

Wanaokidharau kiwango hicho kwamba ni makaratasi matupu, mara nyingi hawajakisoma. Kuna kifungu kimoja ndani ya toleo la 2015 ambacho kingemfaa kila msafirishaji kukibandika kwenye mlango wa gari. Kinahusu mali ya mteja iliyo mikononi mwa kampuni. Kinataka itambuliwe, ilindwe, na ikipotea au kuharibika, kampuni imwarifu mteja na kuweka rekodi ya kilichotokea. Sasa iweke sentensi hiyo kando ya onyo la kwenye risiti yako. Moja inasema tutakwambia, nyingine inasema usituulize.

Kifungu kingine kinaitaka kampuni isimamie hata kazi inayowapa wengine. Hapa kwetu hilo ni kubwa. Mteja anasaini mkataba na kampuni yenye malori mapya yaliyopakwa nembo, lakini msimu ukichanganya, kampuni inampigia dalali, dalali anampigia mwenye lori moja, na mzigo unaondoka kwenye gari ambalo mteja hajawahi kuliona, pamoja na dereva asiyejua mkataba unasema nini. Likiharibika jambo, kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake. Kampuni inayojali ubora inakodi pia, msimu haumwachi mtu, lakini inamkagua mwenye lori kabla, inampa dereva wake maelekezo yale yale, na mbele ya mteja inabaki ikijibu yenyewe.

Na mwenye malori mawili matatu, asiye na fedha ya mshauri wala mkaguzi? Anaweza kuanza Jumatatu. Anunue daftari moja gumu. Kila safari aandike muda wa kuondoka na kufika ulioahidiwa, muda halisi, idadi iliyopakiwa na iliyoshushwa, na kila kasoro kwa maneno ya dereva mwenyewe. Kila mwisho wa wiki akae na madereva na utingo wao, wasome pamoja, wachague kasoro moja inayojirudia, waulizane mpaka wafike mwisho wake, wakubaliane nani afanye nini kabla ya wiki ijayo. Kasoro moja tu, si kumi. Wiki inayofuata waanze kwa kuuliza kama ile ya wiki iliyopita imeisha. Mifumo mikubwa yenye kompyuta na vifaa vya kufuatilia magari hufanya jambo hilo hilo, na mingi hushindwa kwa sababu hiyo hiyo: skrini inaonyesha lori limesimama kwa saa nne porini, na hakuna aliyepangiwa kuuliza kuna nini.

Wewe mteja nawe una nguvu. Kabla ya kumkabidhi mtu mzigo wako, muulize maswali matatu. Nani atahesabu pale mzigo unapoanzia na pale unapoishia, na je, nitapata nakala? Kitu kikiharibika njiani, nitaarifiwa na nani na ndani ya muda gani? Gari litakalobeba ni lako au umekodi? Sikiliza anavyojibu. Anayekwambia usijali, mzigo utafika tu, hajakujibu. Anayekwambia mwezi uliopita tulivunja katoni kadhaa kwa sababu hii, tukabadilisha hili na lile, huyo ana daftari, na daftari lake linasomwa.

Bei yake huenda ikazidi kidogo. Linganisha na gharama ya kukimbizana na watu waliosaini bila kuhesabu. Meneja anayezijua kasoro za jana kabla wewe hujampigia simu, mpe mzigo wako.